Taa Iliyomwogopa Sajenti

Aliyeiona taa kwa mara ya kwanza alikuwa mlinzi mmoja mrefu, mwembamba, ambaye kambi nzima ilimwita Kijiti. Ilikuwa Jumatatu, saa mbili na dakika hamsini usiku. Kijiti aliandika katika kitabu cha lindo kwamba taa moja imetokea angani upande wa nyuma wa kambi, imeshuka polepole, imesimama hewani dakika kumi na moja, imeinama mara tatu, kisha imeshuka tena na kuzimika. Mwishoni akaongeza neno moja: Haijulikani. Ndivyo alivyofundishwa kuandika juu ya kila asichokielewa, na hata mbuzi aliyewahi kupita getini bila mwenyewe aliandikwa hivyo hivyo.

Siku zile kambi ilikuwa kwenye mazoezi ya giza. Meja mpya, aliyekuwa na wiki tatu tu tangu ahamishiwe pale, alikuwa ameamuru taa zote zizimwe kuanzia saa moja ili askari wazoee kuishi kama vipofu. Giza likawa giza kweli. Mbingu na nchi zilishikana zikawa kitu kimoja, na mtu akienda msalani ilimbidi aimbe njiani ili asigongane na anayerudi.

Jumanne taa ikatokea tena. Jumatano pia, na Alhamisi. Meja akapiga simu makao makuu, na Ijumaa asubuhi akaletwa Luteni mtaalamu wa vitu vya angani, kijana mwenye masanduku matatu ya vyombo na shingo iliyozoea kutazama juu. Ikaundwa kamati ya uchunguzi. Mwenyekiti, Meja. Mtaalamu, Luteni. Katibu, kwa kauli moja na bila kuulizwa mwenyewe, Sajenti wa ghala, maarufu kwa jina la Profesa.

Jina hilo alipewa na miwani. Daktari wa jeshi alimpa miwani miaka kumi na miwili nyuma kwa sababu jicho lake la kushoto lilitoa machozi, na tangu siku hiyo watu wakaanza kumletea mabishano yao bwaloni. Je, chura ana meno? Mwezi ni mkubwa kuliko bara? Sajenti alikuwa anasikiliza kwa makini, anatikisa kichwa taratibu, halafu anasema, "Inategemea." Wote waliridhika. Mtu akimuuliza alisomea wapi, alikuwa anavua miwani na kuifuta kwa leso mpaka mazungumzo yahamie kwingine.

Ukweli ni kwamba Profesa aliacha shule darasa la nne, mwaka aliofariki baba yake, na jeshini aliingia kwa upana wa kifua. Kwa miaka mingi vitabu vya ghala vilikuwa vinakwenda nyumbani chini ya koti, mkewe anaviandika jikoni, asubuhi vinarudi vikiwa safi. Lakini miaka miwili iliyopita, akiwa na umri wa miaka hamsini, alipiga magoti akamwahidi Mungu kwamba hatavua sare kabla hajapata cheti cha elimu ya msingi. Kustaafu kwake kulikuwa kumebakiza miezi saba. Mtihani wa watu wazima ulifanywa mara moja kwa mwaka, na wa mwaka huu ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Basi kila Jumatatu hadi Alhamisi, jioni, Profesa alikuwa anapenya kwenye tundu la uzio nyuma ya ghala, anapanda kilima, anateremkia upande wa pili kwenye shule ndogo. Huko alikunja magoti yake chini ya dawati la watoto, akakaa na muuza mkaa mmoja ambaye alimshinda hesabu za sehemu kila siku na kumwambia, "Pole, mwenzangu." Darasa likiisha alivaa tochi yake ya kichwani, akarudi. Njiani, kwenye jiwe moja bapa katikati ya mteremko, alisimama akasali. Alipokaribia kambi alizima tochi. Na lile tundu la uzio, yeye mwenyewe ndiye aliyeagizwa kuliziba mwezi wa pili, na yeye mwenyewe ndiye aliyetia sahihi kwamba limezibwa.

Unaweza kufikiri jinsi alivyojisikia Ijumaa ile, katika kikao cha kwanza cha kamati, alipoombwa asome kitabu cha lindo kwa sauti.

Alisoma ya Jumatatu: imesimama dakika kumi na moja, imeinama mara tatu. Hizo ndizo sala zake. Kijiti alikuwa amezipima kwa saa. Jumanne: imesimama dakika kumi. Jumatano: imeshuka, imepanda tena haraka, imeshuka. Hiyo ndiyo siku aliyosahau daftari kwenye jiwe. Alhamisi: imesimama dakika nne tu.

"Hii ya dakika nne inaonyesha nini?" Meja akauliza.

Profesa alijua inaonyesha nini. Alhamisi ile mvua ilikuwa inanyemelea, na yeye alimwambia Mungu kwa kifupi kwamba yaliyobaki atayamalizia nyumbani. Hakuyamalizia. Akajisikia kama mtu aliyeandikwa katika kitabu kingine kikubwa zaidi.

"Inategemea, afande," akajibu.

Luteni alikubaliana naye. Akatandika ramani ya kambi mezani, akapiga mstari kuelekea kule taa ilikotokea, na mstari ukafika kwenye uzio, ukafika kwenye ukingo wa karatasi, ukaishia hapo. Ramani ya jeshi iliishia kwenye uzio. Karatasi ya pili ilikuwa makao makuu, kabatini. Kwa hiyo, Luteni akaeleza, upande ule hapana kitu isipokuwa anga, na kwa kuwa ni anga, kitu hicho kinaweza kuwa umbali wa kilomita arobaini na kuwa na ukubwa wa meli.

Kijiti, aliyekuwa amesimama mlangoni kama shahidi, akanyoosha mkono. Akasema kwa heshima zote kwamba upande ule, mchana, huwa kuna kilima.

"Kwenye ramani hakipo," Luteni akasema, bila ubaya. Yeye aliwasili asubuhi akiwa amelala garini, na kwa kazi yake alikuwa analala mchana na kuamka usiku. Kilima hakuwahi kukutana nacho. Meja alitazama ramani, akamtazama Kijiti, na Kijiti akakumbuka kwamba jeshini mtu haulizwi anachokijua. Akashusha mkono. Profesa naye akainamia karatasi zake akaandika, kwa mwandiko wake mkubwa wa polepole: Kilima hakipo.

Kamati ikakesha Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, darubini imeelekezwa nyuma ya kambi, Profesa kakaa katikati na daftari. Hakikutokea kitu. Jumatatu pia wakakesha naye, hakikutokea kitu. Muuza mkaa alipeleka habari kwa mwalimu kwamba mwenzake ameadimika.

Jumanne Profesa hakuvumilia tena. Siku mbili kabla ya mtihani, na kugawanya sehemu kwa sehemu bado kulikuwa kunamletea kizunguzungu. Akaomba ruhusa ya muda wa saa tatu akapange mablanketi ghalani, akatokomea kwenye tundu. Alikata shauri kurudi bila tochi hata kama atatambaa. Na kweli, alirudi gizani akipapasa, mpaka karibu na jiwe lake mguu ukakanyaga hewa. Aliteleza, akabiringika, miwani ikaruka. Akawasha tochi kidogo tu, kwa muda wa kuitafuta.

Kule kambini Luteni aliruka kutoka kitini. Kitu kimetokea, akatamka huku Kijiti akiandika, kimezunguka, kimepoteza mwelekeo, kimetafuta huku na huku karibu na ardhi, kimezimika.

"Kuna mtu amekipiga?" Meja akauliza kwa matumaini. Hakuna aliyekipiga.

Asubuhi Profesa aliingia kikaoni akichechemea. Alisema ameangukiwa na mablanketi, kisha akatubu kimoyomoyo kabla hajaketi. Luteni alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu. Alikuwa amechora jedwali. Upande mmoja, usiku ambao taa ilitokea. Upande wa pili, usiku ambao Sajenti alikuwepo lindoni. Akavuta kalamu kutoka mstari hadi mstari. Sajenti akiwepo, taa haiji. Sajenti akiondoka, hata kwa saa tatu, inakuja.

Profesa alihisi jasho likimteremka mgongoni kama mjusi. Akashika ukingo wa meza, akangoja kusikia jina lake likifuatiwa na neno mahabusu.

"Kitu hiki," Luteni akasema, "kinamwogopa Sajenti."

Meja alisimama, akazunguka meza, akampa Profesa mkono. Siku zote, akasema, alijua kuna jambo katika mtu huyu. Akatoa amri hapo hapo: kuanzia leo Sajenti atakaa lindoni kila usiku kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka alfajiri, mpaka makao makuu yatakaposema vinginevyo. Dawa imepatikana.

Nyumbani, mkewe alimsikiliza mpaka mwisho huku anamkanda goti kwa maji ya moto. Kisha akaweka kitambaa chini na kucheka mpaka machozi yakamtoka.

"Baba Watoto," akasema, "miaka miwili unamwomba Mungu akuinue uonekane. Sasa umeonekana mpaka makao makuu."

"Mama, hili si la kucheka. Mtihani kesho."

"Kamwambie Meja ukweli."

"Atanivua cheo."

"Cheo utakivua mwenyewe baada ya miezi saba. Kinachokushika si cheo. Unaogopa bwaloni watajua unakaa dawati moja na muuza mkaa, na kwamba anakushinda."

Mke aliyekuandikia vitabu kwa miaka ishirini hana la kufichwa. Usiku ule, lindoni, Profesa alisali macho wazi, kwa kuwa sajenti wa zamu haruhusiwi kufumba. Alimwomba Mungu afungue njia, akajizuia asimwelekeze ni njia ipi, maana alikuwa amejifunza kutomfundisha Mungu kazi. Taa haikutokea. Luteni alimpiga picha.

Alhamisi mchana alipiga moyo konde akaenda ofisini kwa Meja. Alitaka kusema yote. Alipofungua kinywa, kilichotoka ni ombi la ruhusa ya jioni moja kwa shughuli binafsi.

Meja alimtazama kwa huruma. "Profesa, ukiondoka wewe, kitakuja."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Profesa akapiga saluti, akatoka.

Saa kumi na mbili na nusu jioni alikuwa lindoni. Aliona kwa macho ya moyo chumba kile, ubao, mwalimu akipasua bahasha, muuza mkaa akichonga penseli. Saa moja ikapita, giza likaingia. Saa moja na nusu akajua sasa wako kwenye hesabu. Saa mbili akaacha kutazama saa. Alikuwa ameiweka ahadi yake mikononi mwa Mungu, na mikono ya Mungu ilionekana imejaa mambo mengine.

Saa mbili na nusu taa ikatokea.

Ilitokea pale pale, juu kabisa, ikaanza kushuka. Luteni alimtazama Profesa aliyekuwa ameketi mbele yake, akatazama taa, akatazama jedwali lake kwenye mwanga hafifu wa saa ya mkononi, kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Profesa mwenyewe alikuwa ametoa macho kuliko wote. Kwa dakika nzima aliamini kwamba ile taa ilikuwa kitu cha mbinguni tangu mwanzo, na kwamba yeye na tochi yake walikuwa wamejipachika tu.

Taa ilipita jiwe bapa bila kusimama. Ilishuka kwa kasi, ikifuata njia ile ile, kona kwa kona, ikielekea moja kwa moja nyuma ya ghala.

Meja akaita askari wanane, wakalala kifudifudi, bunduki zimekokiwa na kuelekezwa. "Kikigusa uzio," Meja akanong'ona, "nikitoa amri, piga."

Na hapo Profesa akaelewa. Ni mtu mmoja tu duniani, mbali na mkewe, ambaye Profesa alimweleza njia ile na tundu lile, siku alipoulizwa kwa nini suruali yake huchanika mahali pale pale.

Watu husema katika saa kama ile maisha yote hupita mbele ya macho. Kwake yalipita mabishano ya bwaloni, chura na meno yake, miaka kumi na miwili ya kufuta miwani. Akasimama mbele ya bunduki zote nane, akanyoosha mikono.

"Msipige. Afande, ile taa ni mimi."

Meja akatazama taa, akamtazama yeye. "Wewe uko hapa."

"Ya siku zote ni mimi, afande. Ya leo si mimi. Ya leo ni mwalimu wangu."

"Mwalimu wako wa nini?"

Profesa akavua miwani. Hakuifuta. "Wa kusoma, afande. Niliacha darasa la nne. Naenda shule jioni, ng'ambo ya kilima. Leo ni mtihani, na mimi nimekaa hapa namtisha mtu ambaye ni mimi. Na tundu la uzio sikuliziba."

Askari mmoja alianza kucheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Papo hapo, kutoka kwenye uzio ikasikika sauti ya mwanamke mtu mzima, isiyo na haraka.

"Nani aliyekunja huu waya? Nimenaswa gauni. Na nimesikia hizo bunduki, kwa hiyo anayezishika aziweke chini aje anisaidie."

Kijiti alikuwa wa kwanza kukimbia. Mwalimu aliingia akijipangusa, mama wa miaka sabini na kitu, tochi kichwani, bahasha ya kaki kifuani. Profesa akamwamkia, na askari wote waliolala chini wakaamkia vilevile bila kuinuka, na Meja naye akajikuta ameamkia. Mwalimu akaitikia zote kwa mkupuo mmoja.

Akaeleza alichofuata. Wenzake wamemaliza. Muuza mkaa amegoma kwenda nyumbani, amekaa mlangoni mwa darasa anasema mwenzake hajafika. Kanuni inataka mtahiniwa afanye mtihani mbele ya msimamizi, siku iliyopangwa. "Siku bado haijaisha," akasema, "na kanuni haisemi msimamizi asimame wapi. Kuna meza?"

Pale lindoni meza haikuwepo. Palikuwa na sanduku la risasi. Meja alilitazama lile sanduku, akamtazama Profesa aliyekuwa bado amenyoosha mikono, na akatoa amri ambayo askari waliisimulia kwa miaka: "Washa taa."

Kambi ikawaka yote. Mazoezi ya giza yakaisha hapo. Kwenye hema ambamo kamati ilikuwa inakesha, Profesa akapiga magoti mbele ya sanduku la risasi na kuandika kwa karibu saa tatu, mwalimu kasimama nyuma yake. Askari wanane waliambiwa wakae kimya, wakakaa. Luteni, aliyekuwa karibu na pazia, alipoona swali la kugawanya sehemu hakuweza kujizuia, akanong'ona kwamba ile ya pili inageuzwa.

"Wewe mwenye darubini," mwalimu akasema, "nje."

Akatoka, na mwalimu akalipiga swali lile msalaba mwekundu, lisihesabiwe. Profesa hakulalamika. Swali la mwisho lilikuwa insha: Eleza jambo uliloliona kwa macho yako. Akaandika bila kuinua kichwa, na saa sita kasoro dakika tano mwalimu akafunga bahasha kwa gundi.

Asubuhi Meja alimwita. Adhabu ilikuwa lazima, na ilikuwa siku kumi na nne za kazi: alizibe lile tundu, na pembeni yake aweke mlango wenye bawaba na kitasa, kwa kuwa Meja alichoshwa na watu kuchana suruali za serikali. Kisha akamwomba katibu wa kamati taarifa ya makao makuu. Luteni alipendekeza iandikwe kwamba uchunguzi unaendelea. Meja alifikiri sana. Ni yeye aliyekuwa ameomba makao makuu yalete ndege mbili za kuiwinda ile taa. Mwishowe akamuuliza Profesa kwenye insha ameandika nini.

"Ukweli, afande. Na kilima nimekirudisha."

"Basi andika hivyo hivyo."

Makao makuu hayakujibu neno. Yalituma tu, kwa posta, karatasi ya pili ya ramani.

Matokeo yalikuja baada ya miezi miwili. Profesa alifaulu, hesabu zikipita kwa kusukumwa, na muuza mkaa alimshinda kwa alama tisa na kumwambia pole. Mkewe alikibandika cheti jikoni, mahali vitabu vya ghala vilipokuwa vikiandikiwa. Bwaloni watu walimtania wiki moja nzima. Halafu jioni moja Kijiti alimfuata ghalani, akazunguka zunguka mablanketi kama mwenye kuumwa tumbo, na mwishowe akauliza, akitazama pembeni, kama mwalimu yule bado anapokea watu. Akasema anaulizia kwa niaba ya rafiki. Rafiki huyo aliishia darasa la tano.

Profesa hakusema inategemea. Alimpa tochi yake ya akiba, akamwambia kama rafiki ana wenzake waje nao, njia atawaonyesha mwenyewe.

Kitabu cha lindo cha Jumatatu iliyofuata kiliandikwa na mlinzi mwingine. Saa mbili na dakika hamsini usiku, taa nne kilimani, upande wa nyuma. Zimeshuka pamoja. Zimesimama kwenye jiwe dakika kumi na mbili. Zimepita mlangoni.

Na mwishoni: Zinajulikana.